Jina Linapobisha Hodi

Rasimu ina aya tatu na marejeo 11. Inamhusu mwimbaji wa muziki wa singeli ambaye hapa hatutampa jina, kwa sababu ni mfano tu, ingawa wanaohariri Wikipedia watamtambua mara moja: wamekutana na rasimu ya namna hii mara nyingi. Amezaliwa Temeke, ameanza kurekodi akiwa na miaka 16, ametoa nyimbo 40 bila lebo wala mkataba. Mhariri wa kujitolea anaifungua saa nne usiku, kazi za mchana zimekwisha, watoto wamelala, simu iko kwenye chaji. Anaanza kufuata marejeo, moja baada ya jingine.

La kwanza linampeleka YouTube. La pili ni ukurasa wa Instagram wa msanii mwenyewe. La tatu ni tovuti ya kupakua nyimbo, yenye picha na kitufe, basi. La nne na la tano ni blogu mbili zenye habari ile ile neno kwa neno, mpaka kosa la tahajia kwenye jina la prodyuza limebaki vile vile. Meneja aliituma kwa wote siku moja na wote wakaibandika. La sita ni mahojiano ya redio ambamo msanii anajieleza mwenyewe kwa dakika 20. La saba halifunguki. La nane, afadhali, ni gazeti: habari ya tamasha, na jina lake limo katika orodha ya wasanii 18 waliopanda jukwaani. Matatu yaliyobaki ni kurasa za kuuza muziki.

Kwa hiyo mhariri ana marejeo 11, na katika yote hayo hakuna hata mahali pamoja ambapo mtu asiye na undugu, ubia wala maslahi na msanii huyu alikaa chini akaandika juu yake kwa aya mbili tatu. Na nyimbo je? Amesikiliza mbili. Ni nzuri. Moja ameirudia.

Hapo ndipo ugumu unapoanza, kwa kuwa uzuri wa wimbo haumo kabisa katika swali analotakiwa kulijibu. Ensaiklopidia haiulizi kama mtu ana kipaji. Inauliza kama watu wengine, kwa hiari yao, walimtazama na kuandika walichokiona, ili atakayesoma miaka 30 ijayo aweze kwenda kuhakikisha. Kanuni ya msingi ya Wikipedia ya Kiingereza, ambayo matoleo ya lugha nyingi yameiiga kwa kiasi tofauti, ina masharti matatu yanayokwenda pamoja: maelezo yawe ya kina, chanzo kiwe cha kuaminika, na chanzo hicho kiwe huru na mhusika. Likikosekana moja, mengine mawili hayaokoi kitu. Mahojiano ya dakika 20 ni ya kina, lakini si huru. Habari ya tamasha ni huru, lakini si ya kina.

Wahariri wa Kiswahili wamezoea kukiita kipimo hiki umaarufu, na neno hilo limeleta ugomvi usio wa lazima. Msanii anayejaza ukumbi Mbagala kila Jumamosi akiambiwa kwamba hana umaarufu, atacheka au atakasirika, na ana haki. Watoto wa mtaa mzima wanaimba nyimbo zake. Afadhali pangesemwa kustahili kuandikwa, au hata kwa maneno marefu zaidi: kuwapo kwa watu waliokwisha kuandika. Jina la kipimo lingekuwa hilo, nusu ya matusi yanayoachwa kwenye kurasa za majadiliano yasingeandikwa.

Zamani mlango wa ensaiklopidia ulilindwa na karatasi. Encyclopaedia Britannica ilianza Edinburgh mwaka 1768 ikiwa na juzuu tatu. Toleo lake la mwisho la karatasi, la mwaka 2010, lilifika juzuu 32, na mwaka 2012 wachapishaji wakatangaza kwamba hawatachapa tena. Katika kitabu cha karatasi kila mpiga zeze aliyeingia alikuwa amemtoa mtu mwingine, au ameongeza gharama ya kufunga na kusafirisha. Wikipedia ilipoanza tarehe 15 Januari 2001, na toleo la Kiswahili lilipofuata mwaka 2003, sababu hiyo ilikufa. Nafasi ipo ya kutosha. Makala ya mwimbaji wa Temeke haimwondoi Mozart mahali pake.

Mbona basi mlango upo? Kwa sababu ya yale yaliyompata John Seigenthaler, mwandishi wa habari wa Marekani. Mwezi Mei 2005 mtu asiyejitaja jina alimwandikia wasifu wenye uzushi kwamba aliwahi kushukiwa katika mauaji ya akina Kennedy, na uzushi huo ukakaa hadharani kwa takriban miezi minne. Wasifu wa mtu aliye hai usio na vyanzo ni nyumba isiyo na kitasa. Mtu mkubwa kama Seigenthaler ana marafiki magazetini wa kupiga kelele kwa niaba yake. Mwimbaji asiyejulikana akiandikiwa uongo, nani ataugundua? Wachache wanaomjua hawafungui ukurasa huo, na wanaoufungua hawamjui. Hoja hii ndiyo ninayoiona nzito kuliko zote, na inashangaza jinsi wanaobishania suala hili wanavyoisahau. Mlango unawalinda wasomaji, lakini unamlinda na msanii pia.

Kisha wapo wanaotengeneza umaarufu kwa mikono yao. Novemba 2018 mwanamuziki wa roki kutoka Los Angeles aliyejiita Jered Threatin alifika London kuanza ziara yake ya Ulaya. Kwenye ukumbi wa Underworld, mtaa wa Camden, wenye ukumbi walikuwa wameambiwa kwamba tiketi 291 zimekwisha kuuzwa. Usiku wa onyesho waliingia watu watatu. Siku zilizofuata, katika miji mingine ya Uingereza, mambo yakawa yale yale: bendi jukwaani, taa zinawaka, sakafu tupu, na wanamuziki wake aliowakodi wakianza kutazamana. Waandishi walipofuatilia wakakuta lebo ya kubuni, promota wa kubuni, tovuti za kubuni zilizomsifu, na mashabiki wa kununua kwenye mitandao. Kila kitu ambacho mhariri mvivu angekihesabu kuwa ushahidi kilikuwapo. Kilichokosekana ni mtu mmoja tu wa nje aliyemsikia na kuandika.

Lakini kisa hakikuishia hapo. BBC na magazeti makubwa yalimwandika kwa kirefu, yakamhoji, yakachambua ulaghai wake hatua kwa hatua. Yaani udanganyifu wenyewe ukampatia vile vyanzo huru, vya kina na vya kuaminika ambavyo muziki wake haukuwahi kumpatia. Akaingia ensaiklopidia kwa uhalali kamili. Mwimbaji wetu wa Temeke, mwenye mashabiki wa kweli wanaotoa jasho la kweli, bado yuko nje. Kanuni haikukosewa mahali popote katika mambo haya mawili, na bado matokeo yanauma.

Penye mlango wenye foleni, madalali hawakosekani. Mwaka 2015 Wikipedia ya Kiingereza ilifungia akaunti 381 zilizokuwa zikifanya kazi kama genge moja. Mbinu yao ilikuwa rahisi na ya kikatili. Walitafuta rasimu zilizokataliwa, nyingi za wafanyabiashara wadogo na wasanii, wakawafuata wahusika na kuwaambia kwamba kwa malipo makala itapita. Baada ya kupita wakadai tena fedha za kuilinda isifutwe. Walioumia ni hasa watu wa aina tunayoizungumzia hapa: mtu mwenye kazi yake, asiye na lebo, aliyeamini kwamba kukataliwa ni suala la kutojua wakubwa. Katika miji yetu, ambako karibu kila dirisha la ofisi lina mtu pembeni anayesema "nipe kitu kidogo nikusaidie", imani hiyo hupata udongo mzuri. Wanaoendesha ensaiklopidia wana wajibu wa kusema wazi, kwa lugha ambayo msanii anaielewa, kwamba makala haiuzwi na hainunuliwi.

Hadi hapa mlinzi wa mlango anaonekana mwenye haki. Sasa tumtazame anapokosea.

Machi 2010 kundi la Nairobi liitwalo Just a Band lilitoa video ya wimbo wao "Ha-He". Lilikuwa kundi la kujitegemea kwa maana halisi: vijana waliorekodi, waliochora na waliopiga picha zao wenyewe, wenye albamu mbili wakati huo. Shujaa wa video hiyo aliitwa Makmende, jina ambalo watoto wa Nairobi wa miaka ya tisini walilijua vizuri. Mtoto akijitia ubabe wa sinema, wenzake humuuliza kama anajifanya Makmende. Jina lenyewe inasemekana limetokana na kauli ya Clint Eastwood katika filamu ya mwaka 1983, ikasikika kwa sikio la Nairobi na kugeuka mtu. Kwa siku chache Wakenya walijaza mtandao kwa vichekesho na picha za Makmende. Nchi haikuwa imeona jambo kama hilo kwenye intaneti kabla ya hapo.

Wakenya wakaenda kumwandikia makala Wikipedia. Ikafutwa. Wakaandika tena, ikafutwa tena. Kwa aliyekuwa ameketi mbali, neno lenyewe lilionekana upuuzi wa wanafunzi: shujaa asiyeshindwa, sentensi za masihara, blogu za Kikenya asizozijua. Lazima tumtendee haki mfutaji. Baadhi ya matoleo hayo ya kwanza yalikuwa masihara kweli. Lakini mtu yeyote wa Nairobi angeweza kumweleza kwa dakika moja kwamba nyuma ya masihara kuna jambo la kihistoria. Makala ilisimama baada ya mjadala, na baada ya vyombo vya Marekani kama CNN na Wall Street Journal kuandika. Ushahidi wa Wakenya wenyewe kuhusu kilichotokea kwao ulikuwa haujatosha.

Miaka miwili na nusu kabla, mmoja wa waasisi wa Wikipedia, Jimmy Wales, alionja dawa hiyo hiyo. Septemba 2007, akiwa Afrika Kusini, aliandika makala fupi, ile ambayo kwa Kiswahili cha Wikipedia huitwa mbegu, kuhusu Mzoli's, bucha na mahali pa nyama choma huko Gugulethu, Cape Town, ambako watu walikuwa wakifurika mwisho wa wiki kula na kusikiliza muziki. Ilifutwa baada ya dakika 22. Ilirudishwa, ikajadiliwa kwa ukali, ikabaki. Mtu asiye Jimmy Wales angeandika nini juu ya mahali pale, na nani angemsikiliza?

Wala si Afrika tu. Mei 2018 rasimu kuhusu mwanafizikia Donna Strickland wa Kanada ilikataliwa kwa maelezo kwamba vyanzo vyake havithibitishi ustahili. Tarehe 2 Oktoba mwaka huo huo alitangazwa mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Kazi iliyompa tuzo ilichapishwa mwaka 1985.

Visa hivi vitatu vina mzizi mmoja. Kanuni inaposema "vyanzo huru na vya kuaminika" inachukulia kwamba kila mahali pana magazeti yenye kurasa za sanaa, wahakiki wanaolipwa, na maktaba zinazohifadhi walichoandika. Kanuni ya wanamuziki ya Wikipedia ya Kiingereza inataja mambo kama kuingia katika chati ya taifa, kupata uthibitisho wa mauzo ya dhahabu, au kutoa albamu mbili au zaidi chini ya lebo kubwa. Chukua sasa bendi za dansi za Tanzania za miaka ya sitini na sabini. Chati ya taifa ya mauzo haikuwapo. Wengi wao walirekodi katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD); kanda zikabaki rafu za redio, nyimbo zikapigwa hewani nchi nzima, na msikilizaji wa Kigoma na wa Mtwara wakazijua kwa moyo bila kuwahi kushika albamu mkononi. Kwa kipimo cha mauzo, ni kana kwamba hawakuuza kitu. Kwa bahati kanuni hiyo hiyo ina kifungu kingine, kinachotambua wimbo unaopigwa mara kwa mara na mtandao mkubwa wa redio wa taifa. Anayejua historia ya RTD atakishika kifungu hicho. Asiyeijua atahesabu albamu, atakuta sifuri, na atafuta.

Mwimbaji Siti binti Saad anatufundisha jinsi mambo yanavyoweza kubadilika kwa safari moja. Alizaliwa Fumba, Unguja, mnamo 1880, akauza vyungu, akahamia mjini, akawa sauti iliyowakusanya watu Ng'ambo na katika majumba ya wakubwa. Mwaka 1928 yeye na wenzake walikwenda Bombay kurekodi santuri. Baadaye mwandishi Shaaban Robert aliandika wasifu wake. Santuri na kitabu: hapo hapana mhariri wa kumzuia. Lakini Siti wa mwaka 1925 alikuwa mwimbaji yule yule, na koo lile lile, na hadhira ile ile iliyokesha. Kilichokuwa hakijatokea ni mtu kuleta mashine, na mtu mwingine kuleta kalamu. Waimbaji waliokuwa jirani zake, ambao meli haikuwachukua, leo hatuna la kuandika juu yao.

Bi Kidude, Fatuma binti Baraka, alisubiri zaidi. Aliimba na kupiga ngoma kwa miongo mingi kabla dunia ya vyeti haijamfikia: tuzo ya WOMEX mwaka 2005, filamu juu ya maisha yake mwaka 2006, naye amekwisha kuwa bibi kizee ambaye hata umri wake wenyewe hakuna aliyeujua kwa hakika. Alifariki Aprili 2013. Tungekuwa na ensaiklopidia ya mtandao mwaka 1975, mhariri mwangalifu angelazimika kumkataa.

Kwa wachoraji, kifungu kilichomfaa Edward Saidi Tingatinga ni kile cha kuanzisha mtindo. Alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 hivi, kwa rangi za baiskeli juu ya ubao wa mraba, akawafundisha ndugu na marafiki, na mwaka 1972 akauawa kwa risasi za polisi waliomdhania mhalifu. Miaka minne tu ya kazi. Hakuacha katalogi, aliacha wanafunzi, na jina lake likawa jina la uchoraji mzima. Mhariri aliyetafuta tu maonyesho na tuzo alizopata akiwa hai angetoka mikono mitupu.

Turudi kwenye singeli, maana huko jambo hili lina sura mpya. Mwaka 2017 lebo ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, ilitoa mkusanyiko wa nyimbo za studio ya Sisso, iliyoko Mburahati. Majarida ya muziki ya Ulaya yakauhakiki, wasanii wakaalikwa katika matamasha ya huko, na mara baadhi ya vijana wa Dar es Salaam wakawa na vyanzo vya Kiingereza vya kutosha, vya kina na huru. Hilo ni jema, na walistahili. Lakini msanii anayetawala sherehe za vigodoro za uswahilini, ambaye hakuna mwandishi wa Berlin aliyewahi kumsikia, hawezi kuthibitishwa kwa lugha ya wanaomsikiliza, kwa kuwa kurasa za burudani za magazeti yetu zina nafasi zaidi ya nani kaachana na nani kuliko ya wimbo umejengwaje. Lawama hapa haiwezi kuishia Wikipedia. Ensaiklopidia ni mnywaji wa mtoni. Mto ukikauka huwezi kumwambia atoe maji.

Wapo waliojaribu kuchimba kisima. Mwaka 2011 mradi mmoja wa India na Afrika Kusini, uliofadhiliwa na taasisi ya Wikimedia, ulirekodi masimulizi ya watu juu ya michezo ya watoto na mapishi ya vijijini, kisha ukayatumia kama marejeo ya makala katika lugha za Kimalayalam, Kihindi na Kisepedi. Wahariri wengi wa Kiingereza hawakupenda: sauti iliyorekodiwa na mhariri mwenyewe, walisema, haijapitia mikono ya mtu wa tatu. Pingamizi hilo lina uzito. Hata hivyo mradi ulionyesha kwamba umbali kati ya "hakuna chanzo" na "hakuna aliyekwenda kuuliza" ni mfupi mno, na mhariri mwenye dhamiri hana budi kujua yuko upande gani kabla ya kubonyeza kitufe cha kufuta.

Saa tano na nusu usiku. Mhariri wetu haifuti rasimu, wala haiachi ipite. Anairudisha kwenye sehemu ya rasimu. Anafungua makala ya singeli yenyewe na kuongeza sentensi moja, kwa rejeo la nane, lile la gazeti: kwamba msanii huyu alikuwa miongoni mwa waliotumbuiza kwenye tamasha lile, mwaka ule. Jambo hilo linathibitika, basi linaandikwa. Kisha anaandika ujumbe kwa aliyetuma rasimu. Anajua ni meneja. Jina la akaunti linasema.

"Kaka, habari za kazi. Makala sijaifuta, ila kwa sasa haiwezi kupita. Blogu mlizozitumia habari wenyewe hazisaidii, na mahojiano ni maneno yake mwenyewe. Je, kuna mtu wa nje aliyewahi kuandika juu yake? Gazeti la zamani, jarida, kitabu, hata lisilo mtandaoni. Ukinipa jina la gazeti na tarehe inatosha, nitalitafuta maktaba."

Jibu linakuja kesho yake mchana, limeandikwa kwa haraka, bila nukta.

"Asante kaka sisi magazeti hatujapata ila mwaka juzi alikuja dada mmoja wa chuo kikuu na kinasa sauti alikaa studio wiki nzima anauliza jinsi tunavyotengeneza biti sijui kama aliandika popote jina lake la pili silikumbuki"

Mhariri anafungua hazina ya tasnifu ya chuo, anaandika neno moja, singeli, na kuanza kusoma orodha kutoka juu.